Kidole cha Saba

Siku ya arobaini ya mama, baada ya hitima, shangazi alinikabidhi sahani. Vitu vya maana vilikuwa vimekwisha kupata wenyewe: cherehani, masufuria makubwa, kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa. Mimi nilikuwa nimekuja na gari kutoka Dar es Salaam, nafundisha chuo, kwa hiyo ikaonekana sina shida na chochote, nikapewa kisicho na kazi.

"Ya kombe hii," shangazi alisema. "Mama yenu hakutaka itiwe wali hata siku ya shughuli."

Niliinusa. Nimefika umri wa kunusa vitu kabla ya kuvitazama. Naweza kuapa kwamba nilisikia zafarani na marashi ya waridi, ingawa mwenye pua ya kweli angesema ilinuka sabuni ya vyombo na kabati lililofungwa siku nyingi. Upande wa pili wa chumba mdogo wangu Saumu alikuwa amekaa mkekani, ananitazama.

Saumu ana maneno machache kuliko vidole vyake vya mikono. Maisha yake yote amekaa na mama katika nyumba hii, huku Mwera, si mbali na mji wa Pangani, na sasa mama hayupo. Baada ya sala ya alasiri wazee walikuwa wakae waamue akaishi na nani. Nilijua swali litaletwa kwangu. Ukoo mzima unajua kwamba Saumu hasemi na Zuhura humsemea. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza duniani, na niliipata kwa wizi.

Kwetu mtoto hupimwa kwa shikamoo. Hata awe na akili ya kuhesabu nyota, akipita kimya mbele ya mzee mama yake atasemwa mpaka kisimani. Saumu alipita kimya mbele ya wazee wote wa kijiji. Masikio alikuwa nayo. Ungefungua mkebe wa biskuti nyumba ya tatu, angekuja. Ukimwambia lete ungo, alileta ungo. Lakini kinywani mwake mlitoka "mma" na "tta" na sauti nyingine mbili tatu, kila moja ikiwa imetwishwa kazi nyingi kuliko uwezo wake. Basi mimi nikawa natoa shikamoo mbili. "Shikamoo babu, yangu hiyo. Shikamoo babu, ya Saumu." Wazee waliitikia mbili pia, wakacheka, mambo yakaisha. Isipokuwa jirani yetu Bi Mgeni, ambaye hakujua kuitikia bila kuongeza lake.

"Marahaba, kasuku. Lakini we mtoto, ulipotoka tumboni mwa mama yako hukumwachia mwenzio hata neno moja? Umebeba yote?"

Alikuwa akitania, na mama alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka, kwa sababu nilidhani ameshajua.

Mama alikuwa amempeleka Saumu kwa maalim wetu wa madrasa, naye akamwandikia kombe: aya zilizoandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, ili mtoto anywe. Mama alirudi nalo jioni, akalifunika kwa kawa. Alfajiri, kabla hajaondoka kwenda shamba, aliniachia agizo: Saumu anywe kabla ya uji, kwa bismillahi, asubuhi tatu. Saumu alifumba kinywa. Nikambembeleza, nikamfinya pua, akanitemea. Sasa nifanye nini? Kombe halimwagwi ovyo. Maneno ya Mungu hayamwagwi mahali zinapopita nyayo za watu, na mtoto wa miaka tisa akitazama ua wa nyumba yao haoni mahali ambapo nyayo hazipiti. Kulibakisha ni kukiri kwamba nimeshindwa na mtoto wa miaka saba. Nikalinywa mimi. Lilikuwa na utamu kwa mbali, au nilijidanganya hivyo, na lilinukia kama chumba cha bibi harusi. Siku ya pili sikumbembeleza sana. Siku ya tatu sikumbembeleza kabisa. Mama alipoona sahani kavu alisema alhamdulillahi, akaenda kuomba jingine.

Mwezi ule ule, kwa bahati mbaya, mwalimu wetu wa darasa la tatu alinisimamisha mbele ya wenzangu kwa sababu nilisoma ukurasa mzima bila kukwama. Wenzangu walinipigia makofi. Mimi nilijiziba mdomo kwa kitabu, maana kila kitu kilikuwa kimeeleweka: maneno ya Saumu yaliandikwa kwenye sahani, na niliyeyameza ni mimi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwungamia maalim, akiwa mzee sana. Alicheka mpaka akashika kitanda. "Kombe ni dua, mwanangu, haliibiwi," alisema. "Lakini hata hivyo, wewe na mdomo huo, ulikuwa unahitaji nyongeza?" Nilifarijika, ila faraja ilichelewa kama miaka ishirini hivi. Nilipokuwa na miaka tisa nilijua jambo moja tu: kama nimeyameza ya Saumu, lazima niyatoe kwa niaba yake. Nikawa namsemea kwa bidii ya mtu anayelipa kafara. Anataka maji. Anaumwa sikio. Hapendi kisamvu. Mara nyingi nilipatia. Zile mara nyingine hakuna aliyejua, maana wa kunikosoa alikuwa Saumu.

Shuleni aliandikishwa kwa mkono. Siku hizo mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akilishika sikio la upande wa pili umri umetimia. Mkono wa Saumu ulivuka ukashika sikio vizuri sana, akaingia darasa la kwanza. Tatizo lilianza wiki ya pili, mwalimu alipoita majina. Wenzake walipoimba "a, e, i, o, u" Saumu aliyumba nao, kinywa wazi, uso umejaa furaha, na hakuna kilichotoka. Mwalimu mkuu alimwita mama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto wanne kwenye kila dawati la watu wawili.

"Mama, huyu hapa hatumuwezi," alisema. "Anakaa nafasi ya mwenzake bure. Mrudishe nyumbani akusaidie kazi."

Aliyemzuia alikuwa Mwalimu Naomi, binti wa Kisambaa aliyeshuka kutoka milimani mwaka ule ule. Alikuwa Mlutheri, mwembamba, na alivaa sweta kwenye joto la Pangani, jambo ambalo kijiji kizima kililijadili. Alituita "mwanangu" sote, hata wale wa darasa la saba waliomzidi kimo.

"Niachie mimi mpaka tufunge shule, Mwalimu Mkuu."

"Umesomea hawa?"

"Sikusomea. Ninaye mdogo wangu kama huyu nyumbani."

Wakakubaliana. Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu atamwuliza Saumu swali moja, mwenyewe. Akijibu, kwa namna yoyote, atabaki. Asipojibu atakwenda nyumbani na halitazungumzwa tena.

Kila siku baada ya masomo walikaa kwenye stoo ya majembe, na mimi nilikuwamo kwa sababu Saumu hakukubali kuingia bila mimi. Mwalimu Naomi alikuja na kikapu cha ukindu. Ndani mlikuwa na kata ya kifuu, kijiko, kipande cha kanga ya mama, mche mdogo wa sabuni, ufunguo na chaki. Kata ni maji. Kijiko ni chakula. Kanga ni mama, sabuni ni kunawa, ufunguo ni nyumbani, chaki ni darasani. Kila walipokwenda darasani Saumu alibeba chaki. Kila walipofunga stoo alibeba ufunguo. Mwalimu alisema neno moja tu, taratibu, akimtazama usoni: "Maji." Hakusema "haya mwanangu hebu niambie basi unataka nini, maji au nini?" kama tulivyosema sisi sote. Saumu akimpa kata, alipewa maji papo hapo. Nyumbani mama alikuwa ameshauriwa amnyime mpaka atamke, na kuna siku Saumu alikaa na kiu tangu asubuhi hadi adhuhuri, mama akalia yeye. Mwalimu Naomi aliposikia alitikisa kichwa.

"Akinipa kata ameshasema," alisema. "Nimnyime maji kwa sababu hajasema kwa mdomo? Mdomo utafuata, au hautafuata. Lakini kwanza ajue kwamba akisema, watu tunasikia."

Kisha kulikuwa na vidole. Akishauliza swali, Mwalimu Naomi aliweka mikono mapajani na kukunja kidole kimoja kimoja, bila haraka, midomo imefungwa. Nilidhani anavuta tasbihi. Nilikwenda kumwambia mama kwamba hata Walutheri wana yao, fupi, ya kumi. Nilipomwuliza mwenyewe alicheka, akasema anahesabu subira. "Sisi tunauliza, halafu kabla mtoto hajageuka tumejijibu. Neno la Saumu linatoka mbali, Zuhura. Linataka njia iwe tupu." Halafu akanishika bega. "Kwa hiyo wewe kazi yako ni ngumu kuliko yake. Kazi yako ni kunyamaza."

Nilinyamaza, na ilikuwa kama kubana pumzi chini ya maji. Yeye hakujua lile la kombe. Aliona Saumu anatafuta neno lake, wakati mimi nilijua neno liko wapi: liko tumboni mwangu. Kila kidole kilichokunjwa nilikihisi kama mtu anayeniambia nikae na mali ya mtu mfukoni, nimtazame akiitafuta sakafuni. Lakini ajabu ilitokea. Kidole cha saba, au cha nane, mkono wa Saumu uliingia kikapuni. Kila mara. Kabla ya saba hakuna kitu, uso mtupu kama ukuta. Baada ya saba, kata. Kuna siku alitoa kata na kusema "ma", kwa sauti ndogo kiasi kwamba Mwalimu Naomi hakushangilia, alimpa tu maji. Na Ijumaa moja nyumbani Saumu alitoa kata mtungini na kuiweka kiganjani mwa mama. Mama alimmiminia maji, akakaa chini palepale jikoni na kujifunika uso kwa kanga.

Siku ya kufunga shule tulikuwa watano ofisini. Mwalimu mkuu nyuma ya meza, mama kwenye ncha ya kiti, Mwalimu Naomi ukutani, Saumu na kikapu mbele ya meza, na mimi mlangoni kwa sharti la kutofungua mdomo. Mama alikuwa amevaa kanga mpya. Alikuwa amemfunga Saumu nywele mpaka macho yamevutika.

"Saumu," mwalimu mkuu alisema, na nakiri alisema kwa upole. "Unataka nini?"

Mwalimu Naomi akaweka mikono yake mbele, wote tuione, akaanza kukunja. Moja. Mbili. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za likizo. Tatu. Mwalimu mkuu alisogeza karatasi. Nne. Niliangalia mahali ambapo nisingepaswa kuangalia, uso wa mama. Midomo yake ilikuwa inasema bila sauti "sema, mwanangu, sema", na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyapangusa. Tano. Sita. Nilijua kwamba ni saba au nane, nilikuwa nimehesabu miezi mitatu. Nilijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Lakini kujua ni jambo moja na uso wa mama ni jambo jingine, na maneno ya Saumu yalikuwa yananipanda kooni, yanataka kurudi kwa mwenyewe.

"Anasema anataka kwenda nyumbani," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hilo, au nimejua kwa muda mrefu mno. Aliyetaka kwenda nyumbani ni mimi.

Mwalimu mkuu alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Basi, mama. Mwenyewe ameomba."

Mwalimu Naomi hakunigombeza. Alitazama mikono yake, kidole cha saba kikiwa nusu. "Hajawahi kupita cha nane," alisema, kwa nani sijui, kisha akavuta mikono ya sweta yake mpaka ikafunika vidole.

Tulirudi nyumbani mstari mmoja, mama mbele. Saumu alikuwa amekunja ngumi ya kulia na hakutaka nimshike mkono huo. Tulipofika kwenye minazi nilimfungua vidole kwa nguvu, nikidhani ameokota mdudu. Kiganja kilikuwa cheupe. Mlikuwa na chaki, imevunjika vipande viwili kwa kubanwa.

Alikuwa ameitoa kikapuni wakati mimi nautazama uso wa mama. Alikuwa amejibu, au alikuwa anajibu, na hakuna aliyeona kwa sababu wote walikuwa wamegeuka kunisikiliza mimi.

Mama alikuwa hatua kumi mbele. Shule ilikuwa bado inaonekana. Ningeweza kuita. Ningeweza kukimbia na ile chaki mpaka kwenye ile meza. Nilivitazama vile vipande, nikavitupa kichakani, nikamfuta Saumu kiganja kwa gauni langu. Alinitazama nikifanya hivyo. Hakulia. Kulia nililia mimi, mama akageuka akasema usilie mwanangu, ulijitahidi kumsaidia mwenzio.

Mwalimu Naomi alihamishwa baada ya likizo. Kabla hajaondoka alikuja kutuaga na kile kikapu, akakaa na mama siku nzima akimwonyesha. Mama hakuwa amesoma, lakini alikuwa mwanamke wa kufuata jambo mpaka mwisho. Alipigilia misumari sita kando ya mlango wa jikoni, akatundika: kata, kijiko, kipande cha kanga, sabuni ndani ya kifuko, ufunguo. Msumari wa sita ukabaki mtupu.

"Mwalimu aliniambia ni vitu sita, nami cha mwisho nimekisahau," mama alisema. "Kinachokosekana ni kipi, Zuhura? Wewe ulikuwapo."

"Sikumbuki, mama."

Aliniuliza tena mwaka uliofuata. Kisha hakuuliza tena. Kwenye ukuta ule aliongeza mengine kwa miaka mingi, kipande cha wavu kwa samaki, kiatu kwa safari, pakiti tupu ya Panadol kwa maumivu, na Saumu akawa mtu anayesema jikoni kwao. Nje ya jiko aliendelea kusemewa. Mimi nilisoma, nikapata shahada, nikapata ya pili, na leo hulipwa kusimama mbele ya vijana na kuwafundisha mawasiliano. Nina mhadhara mzima kuhusu kusikiliza. Huwa naumaliza kabla ya wakati.

Alasiri ile ya arobaini wazee walikaa barazani, nasi wanawake tukakaa ndani, mlango wazi. Mjomba, kaka yake mama, ni mtu mwema mwenye haraka. Alisema Saumu atachukuliwa na yeye, Tanga mjini, ana chumba cha uani. Mwingine akasema hapana, aende Dar kwa dada yake, gari si lipo? Ndipo mjomba akaingiza kichwa.

"Haya, Zuhura. Saumu anasemaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Huwa ninalo. Lilikuwa jibu zuri, lenye hoja tatu.

"Tumwulize, mjomba."

"Si ndiyo nakuuliza?"

Nilimgeukia Saumu. "Saumu," nilisema. "Nyumba ipi?" Niliweka mikono juu ya ile sahani, mapajani, nikaanza kukunja. Kwenye cha nne mjomba alikohoa. Kwenye cha sita shangazi alisema, "Maskini, mnamtesa bure mtoto wa watu." Saba. Nane. Nikafika kumi na Saumu hajainuka, uso mtupu kama ukuta, na mwili wangu wote ulijaa maneno kama siku ile mlangoni pa ofisi. Nikavikunjua vidole vyote nikaanza upya. Hakuna kanuni inayosema ni raundi moja.

Kwenye cha tano cha raundi ya pili Saumu aliinuka. Alikwenda jikoni, tukasikia anahangaika na msumari, akarudi na ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake, fundo moja, kisha la pili, akakaa pale alipokuwa anakaa mama.

"Anasema nini?" mjomba aliuliza, akinitazama mimi.

"Wee naye!" Bi Mgeni alisema kutoka kona yake, ni kikongwe sasa, na bado ana lake la kuongeza. "Mtu kafunga ufunguo pindoni, wataka akuandikie barua? Anabaki kwao. Mimi na wanangu tuko ukutani hapa."

Jioni Saumu alinisindikiza mpaka mlangoni. Gari lilikuwa limewashwa. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kombe, kuhusu ofisi, kuhusu chaki niliyoitupa kichakani na msumari mtupu niliodai sikumbuki kitu chake. Nilisema kwa maneno mengi mno, kama kawaida yangu, na nilipoishiwa nikamwuliza kama amenisamehe. Kisha nikashusha mikono na kuhesabu.

Nilihesabu kumi. Nikarudia, kumi tena. Saumu alinitazama muda wote bila kuondoa macho. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango, nikasikia ufunguo ukizunguka.

Njia nzima mpaka Dar nilikuwa natunga alichokuwa anataka kusema. Nilikuwa na majibu mazuri, mengine ya kufariji. Hakuna hata moja ninaloliandika hapa.